Niliyasingizia Mafuta ya Taa

Mimi ni mkosaji. Naanza hapo ili usije ukanihurumia kabla hujasikia. Nimesoma maungamo ya wengine, wanaanza na umaskini, wanaanza na mama wa kambo. Mimi sina mama wa kambo wa kumtaja. Nilikosa nikiwa mzee mwenye akili timamu, nimeshiba, mchana kweupe, mbele ya watu wanaoniheshimu.

Jina langu sitalitaja. Rafiki yangu marehemu nitamwita Zakaria, na binti yake nitamwita Speo. Ni huku Kyerwa, upande wa Nyakatuntu. Wa huku watatujua tu. Watujue!

Zakaria hakuwa rafiki wa kusalimiana njiani. Alikuwa munywani wangu. Kwa asiye wa kwetu nieleze: tulipokuwa vijana tulichanjana, tukachukua punje mbili za kahawa zilizokaa ndani ya ganda moja, kila mmoja akapaka yake damu, tukapeana, tukameza. Baada ya hapo mtu huyo ni zaidi ya ndugu wa tumbo. Ndugu unaweza kumnyima. Munywani hanyimwi. Mwinjilisti wetu hakuupenda mchezo huo, na mimi baadaye nikawa mzee wa kanisa, lakini punje ikishamezwa imemezwa.

Babu yake alitoka Burundi kuja kulima vibarua. Wapo waliokuwa wakimwita Zakaria wa kuja. Wakimwita hivyo mbele yangu, walinisikia nikiwakemea.

Mke wangu alipofariki na watoto wangu kuhamia Mwanza, Zakaria ndiye aliyekuwa nyumba yangu. Kila jioni alikuja, au mimi nilikwenda. Tunakunywa rubisi kidogo, pombe yetu ya ndizi, tunatafuna kahawa, tunabishana juu ya mambo tusiyoyajua. Ndiyo iliyokuwa dunia yangu, na ilinitosha.

Sasa huyu Speo. Nimembeba mgongoni akiwa na kamasi. Aliniita Baba mdogo. Alisoma, akasoma, akavuka pale niliposimama mimi. Nami nilikuwa nimesimama kidato cha nne, enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kitu! Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Watu waliniletea barua zao niwasomee. Kijiji kizima, msomi alikuwa mimi.

Basi mwaka huo Speo akarudi kutoka chuo anakofanya utafiti. Alikuwa akizunguka shule za huku, Isingiro, Songambele, akafika na kwetu. Wazazi tukaitwa. Tulidhani ni kikao cha michango, kwa hiyo wengi walikaa karibu na mlango.

Kumbe ni Speo na ndoo mbili zimejaa vitu vilivyovunjika! Minyororo ya baiskeli, visu, vipande vya tofali, vikombe, kamba za migomba. Akatuambia kazi yake ni kuchunguza vitu tunavyojengea na kutengenezea vyombo, kwa nini hiki kinavumilia na kile kinakatika.

Zakaria akapaza sauti kutoka nyuma: "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ili uvunje vitu? Mbona mama yako anavunja vikombe na hajasoma?"

Watu wakacheka. Mama Speo akampiga na kanga. Speo mwenyewe alicheka mpaka akashika meza.

Akawagawia wanafunzi vipande vya waya, akawaambia waukunje na kuukunjua, waukunje na kuukunjua. Mara moja haukatiki. Mara nyingi unapata joto, kisha tap! umekatika. "Chuma kinachoka," akasema. "Mzigo ambao kiliubeba jana na juzi, siku moja kinaushindwa, na hakikuambii." Halafu akaonyesha pale palipokatika kwenye chuma kimoja kinene. Sehemu moja ilikuwa na kutu nyeusi, sehemu nyingine inang'aa. Palipo na kutu, alisema, ufa ni wa zamani. Panapong'aa ndipo palipokatika siku yenyewe. Ukiangalia tu unajua ugonjwa ulianza lini.

Nakuomba uyashike maneno hayo, maana mimi niliyashika vizuri sana.

Kisha akataka baiskeli. Aliwafundisha wanafunzi kupaka mafuta ya taa kwenye chuma, kusubiri yapenye, kufuta mpaka pakauke kabisa, halafu kupaka chaki iliyopondwa. Kama kuna ufa usioonekana, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuilowesha chaki, na ufa unajichora wenyewe. Alitaka kila shule iwe na wanafunzi wachache wa kukagua baiskeli za watu siku za gulio. Unajua milima ya huku. Unajua mtu anavyoshuka na mikungu ya ndizi mbele na nyuma.

Baiskeli kadhaa zikapita salama. Ikafika yangu. Kwenye uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ukatokea mstari mwembamba kama unywele.

Speo hakunitangaza, Mungu ni shahidi. Alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba mdogo, njoo uone. Usiipande tena mpaka uma ubadilishwe."

Lakini kuna mwanafunzi aliona. "Ya karani ina ufa!"

Mwingine akadakia: "Usipoziba ufa!"

Shule nzima: "Utajenga ukutaaa!"

Zakaria ndiye aliyecheka kuliko wote. "Munywani, leo umepatikana!"

Nilisikia masikio yakiwaka. Ningecheka nao yangeisha pale pale. Lakini mimi msomi wa kijiji, nifundishwe chuma changu na mtoto niliyemfuta kamasi! Nikasema kwa nguvu ili wote wasikie: "Mwanangu, chaki ni ya kuandikia. Baiskeli hii imebeba kahawa wewe hujaota meno. Huo ni mkwaruzo wa rangi." Nikaifuta ile chaki kwa mkono wa koti langu.

Akainamisha macho. "Sawa, Baba mdogo. Lakini usiipande."

Nilipofika nyumbani nilifunga mlango wa ua, nikachukua mafuta ya taa na kipande cha chaki nilichokiokota, nikafanya kama alivyofanya. Mstari ukarudi pale pale.

Kwa hiyo nilijua. Asikudanganye mtu kwamba sikujua.

Kwa nini sikuipeleka kwa fundi? Fundi wetu anakaa njia panda, watu wote wanapita. Wangesema, kumbe mtoto alisema kweli! Nikaiegemeza ukutani. Mtu akiniuliza mbona siku hizi unatembea, nasema magoti yananiuma. Mwili wangu niliulinda, unaona? Niliuamini ule mstari kwa miguu yangu mwenyewe, nikaukana kwa mdomo.

Siku ya gulio, asubuhi, Zakaria akaja. Tairi lake lilikuwa limepasuka na mikungu yake imeshakatwa.

"Munywani, niazime baiskeli. Wewe na magoti yako, yenyewe imekaa tu inaota utando."

Nikasema, "Ina kasoro kidogo."

Hapa lazima uielewe desturi ya kwetu. Huku mtu hakwambii "sikupi". Ni aibu. Anakwambia jembe limelegea, panga halionekani, baiskeli inaumwa. Anayeambiwa anaelewa kuwa amenyimwa, anashukuru, anaondoka. Kwa hiyo siku chombo chako kikiwa kibovu kweli, huna neno la kulisema. Ukweli wenyewe unasikika kama uchoyo.

Zakaria akanitazama kama aliyepigwa kofi. "Kasoro? Mimi nikuombe, unijibu kama unavyomjibu mtu wa njiani?" Halafu akatabasamu, masikini, akanifungulia mlango nitoke: "Au ndiyo ile chaki ya Speo? Si ulisema ni mkwaruzo?"

Jamani! Alibakiza neno moja tu nilitamke. "Sio mkwaruzo." Basi. Angenicheka wiki nzima, angewasimulia wote kilabuni, na leo angekuwa hai ananicheka.

Nikasema, "Nakutania. Chukua."

Nikamsaidia hata kufunga mikungu kwa mipira.

Nilikuwa bado nafagia ua nilipoona watu wanakimbia. Pale mteremko unapokata kona kuelekea daraja dogo, ndizi zilikuwa zimetawanyika barabara nzima. Uma umekatika, gurudumu limekwenda peke yake mpaka shambani. Zakaria amelala chini, kichwa chake kwenye mapaja ya mama mmoja muuza nyanya.

Aliponiona akaniita. Nikapiga magoti. Akasema, "Munywani, nimekuvunjia baiskeli yako. Usikasirike."

Ndivyo alivyosema. Aliniomba msamaha mimi!

Alifariki kwenye pikapu, kabla hatujafika hospitali. Njia nzima nilishika mkono wake na sikufungua mdomo.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa na dhambi moja. Lakini subiri.

Kwenye matanga, watu wamekaa kwenye majani ya migomba, mdogo wake Zakaria akaniuliza mbele ya wote: "Kaka, ile baiskeli ilikuwa na nini?" Hakuniuliza kwa ubaya. Lakini macho yote yalinigeukia, na mimi nikaogopa. Nikajisikia nasema:

"Ilikuwa nzima. Miaka yote haijanisumbua. Ila tangu siku ile ilipopakwa mafuta ya taa na ile chaki, sijui. Mimi si mtaalamu."

Mimi si mtaalamu! Maisha yangu yote sikuwahi kukiri kuwa si mtaalamu wa chochote, nikaja kuwa mnyenyekevu siku ile!

Yalikuwa maneno machache tu, nikanyamaza. Wengine ndio walioyakuza. Mmoja akasema ni kweli, mafuta ya taa yanakula chuma polepole. Mwingine akasema hata jembe lake Speo alilipaka, wiki ile ile mpini ukakatika. Mpini! Mpini ni mti, jamani! Nami nilikuwepo, nilijua ni upuuzi, nikatazama chini kama mtu mwenye huzuni.

Jioni baba mdogo wake wa damu akamwambia Speo, "Elimu yako imemla baba yako." Nilisikia. Speo alikuwa anaosha sufuria, akaendelea kuosha sufuria ile ile.

Baada ya mazishi alikuja kwangu. Amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. "Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule uma uko wapi? Nataka kuona ulipokatikia."

Uma ulikuwa chumbani, nyuma ya magunia ya kahawa. Nilikuwa nimeshautazama. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi kwa kutu, na pembeni kipande kidogo kinang'aa. Kama alivyofundisha. Mtu yeyote aliyekuwa shuleni siku ile angeelewa kuwa ufa ulikuwa wa zamani, kabla Speo hajaugusa kwa chochote.

Nikamwambia, "Wamepita watu wa vyuma chakavu, mwanangu. Wameuchukua."

"Asante, Baba mdogo." Akaondoka. Nikaenda nikautupa chooni. Nilisikia ulipotua.

Wazazi wakakataza watoto wao kugusa baiskeli za watu. Mwalimu akamwambia Speo kwa upole kwamba ni vizuri apumzike kwanza. Vile vikundi vya wanafunzi vikafa kabla havijaanza. Speo akarudi chuoni, na hakuja tena, si Krismasi wala Pasaka. Mama yake akimpigia simu wanaongea maneno mawili matatu, kisha kimya, kwa sababu Mama Speo naye alikuwa ameamini. Aliamini kwamba mtoto wake amemuua mume wake bila kukusudia. Nani alimfundisha kuamini hivyo? Mimi!

Na mwanamke huyo, kila Jumapili baada ya ibada, aliniletea sahani ya ndizi na maharage imefunikwa kwa kitambaa. Kwa nini? Kwa sababu mimi ni munywani wa mumewe na sina mtu wa kunipikia. Nilikula. Niliweza kula, unaamini?

Wazee walituambia ukimsaliti munywani ile punje inavimba tumboni mpaka ufe. Nilisubiri. Haikuvimba. Ningefurahi ingevimba. Badala yake nilibaki mzima kabisa, peke yangu, jioni baada ya jioni, na kiti cha pili nikakipeleka jikoni ili nisikione. Nilibishana na redio.

Kilichonivunja ni Jumapili moja. Mama Speo aliweka sahani, akasimama, akasema kama anayeongea na ukuta: "Shemeji, wakati mwingine nawaza, ningempeleka yule mtoto akasomee ushonaji, mzee angekuwepo leo."

Hakulia. Angelia labda ningenyamaza tena.

Alipoondoka nilimpigia Speo. Nilimweleza yote, kuanzia chaki niliyookota mpaka chooni.

Halafu akauliza, "Ule uma ungeonekana, ningekuja nao nyumbani ningewaonyesha. Kweli huna?"

"Sina. Niliutupa."

"Basi chuma hakiwezi tena kunisemea," akasema. "Sema wewe. Watu wale wale uliowaambia."

Akakata.

Nilisema siku ya kujengea kaburi la Zakaria, ukoo wote ukiwa umekusanyika kibanjani kwake, kwenye shamba lake la migomba. Saruji ilikuwa imeshachanganywa. Nilisimama, nikasema: Speo aliona ufa. Aliniambia. Niliujua, nilimpa Zakaria baiskeli nikiujua, na uma niliutupa mwenyewe. Mafuta ya taa hayana kosa.

Mdogo wake Zakaria aliweka sepeto chini. "Kaka, siku ile ungesema, tungelia pamoja na wewe," akasema. "Leo tulie na nani?"

Mama Speo aliniuliza swali moja tu. "Kila sahani niliyokuletea, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaingia ndani. Baadaye wote tulimsikia akiongea kwenye simu kwa sauti kubwa, analia: "Mwanangu, nisamehe. Mwanangu, rudi nyumbani." Mimi nikachukua koti langu nikaondoka. Hakuna aliyenizuia.

Kanisani nimejiuzulu uzee. Hawakunifukuza, nilijiondoa. Watu wananisalimia vizuri, huku hatutukanani hovyo. Ila hakuna anayeingia ndani, na siwezi kuwalaumu.

Speo amerudi. Siku hizi siku za gulio unawaona wanafunzi na sare zao, wameinamia baiskeli za watu, na wenye baiskeli wanasubiri kwenye foleni. Nilipita pale juzi. Alikuwa anamwonyesha binti mmoja namna ya kukausha chuma vizuri kabla ya chaki. Akainua kichwa akaniona.

"Shikamoo, mzee."

Nikaitikia, nikaendelea na njia yangu. Mzee! Hakunikosea adabu. Kila mzee anayepita anamwita hivyo.

Sasa wewe unayesoma, hasa mzee mwenzangu. Mtoto akikwambia chombo chako kina ufa, shukuru hata kama shule nzima inacheka. Mkicheka pamoja, yanaisha. Na ukiombwa kitu kibovu, kataa! Wakuite mchoyo, wakuite vyovyote. Mwambie mwenzako, "Hiki ni kibovu, nilidanganya niliposema ni kizima." Kama umeshasababisha msiba, usiutafutie mtu mwingine wa kuubeba, na zaidi usimtafutie yule mwenye ujuzi ambao watu hawajauelewa. Huyo ni rahisi mno kumtwika. Kila mtu atakusaidia.

Ningemwambia Zakaria ukweli asubuhi ile, angekasirika. Namjua. Angeninunia siku kadhaa, angepita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo, akikohoa kwa makusudi ili nijue ni yeye anapita. Jioni zangu hizi, Mungu wangu, hasira hiyo naitamani kuliko chakula.